Jino la Kumi na Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajapiga mswaki wala kuchemsha maji, Mama Kipimo alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Mtu ambaye angechungulia mlangoni angedhani anasali, na asingekosea sana, maana midomo ilikuwa inamwomba Mungu huku macho yakisoma kipimajoto. Ndani ya sanduku: thelathini na saba na nusu. Kipimajoto cha pili, kilichoning'inia ukutani: kumi na tisa. Aliandika namba zote mbili kwenye daftari chini ya maneno "siku ya ishirini", akasimama kwa kushika kiuno, akaenda kusoma mita ya umeme juu ya mlango. Yuniti tisa na kidogo. Jana jioni zilikuwa kumi na moja.

"Mbili tu," alijiambia. "Kabla sijafunga viroba vya maranda chini ya bati zilikuwa zinakwenda tatu. Kwa hiyo viroba vinasema kweli."

Sanduku lile alilitengeneza kwa mikono yake kwa mabaki ya plaiwudi. Ndani lilikuwa na balbu nne, sahani ya maji, kidude cha kuzima na kuwasha balbu, na trei ya mayai thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kufagia shule ya msingi iliyo ng'ambo ya daraja la juu. Kutotolesha vifaranga aliita "kazi ya Mungu na mimi". Kundi la kwanza, mayai sitini, liliharibika siku ya kumi na tano. Alipovunja moja, kiini kilikuwa kimeiva. Mtaa mzima ukampa jina la Mama Chemsha, na hakuna aliyempelekea yai tena.

Isipokuwa Bibi Kuku. Na huyo hakuja kwa kumwamini, alikuja kwa kukosa pa kwenda. Ugonjwa uliingia bandani kwake ukafyeka kuku wote ndani ya juma moja, pamoja na jogoo mwekundu ambaye mbegu yake aliachiwa na marehemu mama yake. Yalibaki mayai arobaini kwenye kapu, na hata tetea mmoja wa kuyaatamia hakuwepo. Kikongwe alilibeba kapu kifuani mpaka chumba cha sita cha nyumba ya kupanga, kwa Mama Kipimo.

"Nasikia wewe ni hodari wa kupika," alisema. "Haya usiyapike. Hii ndiyo mbegu ya mwisho. Haya yakifa, mimi na mama yangu tumekwisha."

Siku ya saba Mama Kipimo aliyamulika kwa taa, moja moja. Tisa yalikuwa meupe, hayana kitu. Thelathini na moja yalikuwa na mishipa, myembamba kama mizizi ya mchicha.

Hilo jina jipya la Kipimo alilipata kwa udadisi. Shule ile ile aliyoifagia asubuhi, jioni aliingia kama mwanafunzi, akaketi kwenye dawati alilolifuta vumbi mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na minne na alikuwa amefika mgawanyo wa desimali. Baada ya yale mayai sitini, alimweleza mwalimu wa jioni sababu zote: muuza mayai ni tapeli, balbu ni mbovu, na majirani wana jicho. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati akampa vipimajoto viwili.

"Mama, joto ni mgeni," alisema. "Haliingii bila mlango. Tafuta mlango lilioingilia. Usiniletee sababu, niletee namba."

Akapima. Saa nane mchana, sakafuni: thelathini na tisa. Mezani, lilipokaa sanduku: arobaini na moja. Alipopanda juu ya kigoda akakiinua kipimajoto mpaka karibu na mabati, kilisoma arobaini na nane, na jasho likamtoka kwa namba kabla halijamtoka kwa joto. Kumbe balbu zake zilikuwa hazina kosa. Zilizimika zenyewe saa nne asubuhi, na paa likaendelea kupika.

Lakini swali moja huzaa jingine. Nyumba ilikuwa ya vyumba saba kwenye mstari mmoja, bati moja, kimo kimoja, hakuna chumba chenye dari. Mbona katika chumba cha tatu, cha Kinyozi, na katika cha nne, cha mkewe na watoto, maji ya mtungi yalikuwa ya baridi mchana kutwa? Akaomba kupima. Thelathini na sita. Vyumba vingine vitano, arobaini na moja na kuendelea. Aliwaza siku mbili, akaamua ni vioo: Kinyozi ana vioo vitatu vikubwa, pengine vinarudisha joto mlangoni. Akamsihi avitoe nje siku moja.

"Mama, nitamnyoa mtu bila kioo? Nikimkata sikio ataniona saa ngapi?"

Lakini alivitoa, kwa sababu hata yeye alitaka kujua. Siku nzima wateja walinyolewa wakitazama ukuta. Thelathini na sita vilevile.

Jibu alilipata akitoka kazini, juu ya daraja. Kwa miezi minane alikuwa amepita pale akitazama miguu yake. Siku hiyo alitazama chini, akaiona nyumba yao kwa juu, kama anavyoiona Mungu. Paa lilikuwa jeusi tii, maana miezi minane nyuma mwenye nyumba alikuwa amelikodisha kwa kampuni ya dawa ya meno, na katikati ya weusi ule walichora tabasamu la meno meupe kumi na mawili, ili abiria wa darajani wayaone. Meno yale yalikaa sawasawa juu ya chumba cha tatu na cha nne.

Alicheka peke yake mpaka watu wakamkwepa. Kisha akaacha kucheka. Miezi minane! Mayai sitini! Wenye kutazama tabasamu ni wa darajani, na wanaopikwa ni wa chini yake.

"Nyeupe inarudisha jua lilikotoka, nyeusi inalikaribisha ndani," mwalimu alimweleza jioni ile. "Lakini usiku rangi haikusaidii. Bati ni jembamba, linaachia joto lote liende zake, ndiyo maana balbu zako zinawaka mpaka alfajiri na yuniti zinakwisha. Usiku paa linataka blanketi."

Basi akatafuta blanketi. Fundi seremala alimpa maranda ya bure. Akayajaza kwenye viroba, akavifunga kwa kamba chini ya mabati, juu ya pembe ya sanduku tu, kwani viroba havikutosha chumba kizima. Kisha Jumapili, baada ya ibada, akakoroga chokaa na chumvi, akaazima ngazi, akapaka paa lote la chumba chake, upande hadi upande. Siku iliyofuata, saa nane mchana, ukuta wake ulisoma thelathini na sita. Alipiga magoti akashukuru. Kinyozi akasimama barabarani akitazama juu.

"Jamani, paa limeota jino jipya!"

Hayo yalikuwa siku chache kabla Bibi Kuku hajaleta kapu lake. Tangu hapo sanduku halikuzidi thelathini na nane hata mara moja.

Siku hii ya ishirini alirudi mbio kutoka kazini, na saa nne akamkuta Bibi Kuku ameketi kizingitini, kanga imemfunika magoti.

"Yamesema?"

"Bado, bibi. Sikiliza mwenyewe."

Bibi Kuku alitega sikio kwenye plaiwudi muda mrefu. "Nasikia kitu. Au ni damu ya masikio yangu. Uzee nao una kelele."

Mama Kipimo akafungua kidogo, akachukua yai moja, akaliweka kwenye sikio la kikongwe. Ndani kulikuwa na mgongano mdogo, taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa tajiri. Bibi Kuku alilirudisha yai kwa mikono miwili.

"Kesho, Mungu akipenda," alisema Mama Kipimo. "Mradi joto lisipande leo. Sasa wanahema. Likipanda sasa, wanafia mlangoni."

Saa tano na nusu pikipiki ilisimama nje. Alishuka Msimamizi, yule aliyetumwa na mwenye nyumba kukagua vyumba, na nyuma yake kijana mwenye kitambulisho shingoni na futi ya chuma mkononi. Alikuwa afisa wa mabango kutoka manispaa. Hawakuingia uani. Walisimama ng'ambo ya barabara wakitazama juu, kijana akihesabu kwa kidole.

"Kibali kina meno kumi na mawili," alisema. "Hapa nahesabu kumi na matatu."

"Hilo si jino, mwanangu," Mama Kipimo alijibu, akitoka mlangoni huku akijifuta mikono. "Hiyo ni chokaa. Nimepaka joto lisiingie."

"Ni nyeupe?"

"Ni nyeupe."

"Iko juu ya bango lililosajiliwa?"

"Iko juu ya chumba changu."

"Chumba kiko ndani, mama. Juu ni bango. Jino la kumi na tatu halina kibali." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayesoma bei dukani.

Msimamizi alikuwa ameshika kichwa. "Unajua umefanya nini? Kampuni wamepiga simu. Wanasema tabasamu lao limepinda, jino moja limekaa peke yake huko pembeni kama la mchawi! Mkataba unasema paa jeusi. Wakivunja mkataba, mwenye nyumba atamfukuza nani? Mimi na wewe."

"Bwana Msimamizi, mkataba wa paa umemwonyesha mpangaji gani?"

"Wewe umepanga chumba."

"Na chumba bila paa kinaitwaje?"

Majirani walikuwa wameanza kutoka. Mtu akajibu nyuma, "Kinaitwa uwanja!" Kicheko kikapita mlango hadi mlango. Kijana wa manispaa naye alitabasamu kidogo, akajizuia.

Mama Kipimo aliona tabasamu lile, akapata tumaini. Alileta daftari. Alimwonyesha kurasa: asubuhi, mchana, jioni, kabla ya chokaa na baada yake, yuniti za kila usiku. "Usiniamini kwa maneno. Nipe dakika tano tu. Ingia chumba cha tano, uingie changu, kisha unieleze."

Kijana alitazama saa, akatazama daftari. Pengine naye aliwahi kupenda somo fulani. Aliingia chumba cha tano, cha dada mmoja muuza mitumba, akasimama katikati ya marobota. Walimsubiri. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akaingia cha sita, na kule alikaa zaidi. Akatazama viroba, akatazama mayai kwenye kioo kidogo cha sanduku, akasoma kipimajoto cha ukutani mwenyewe, akainamisha kichwa kuhakikisha.

"Ni kweli," alisema alipotoka. "Tofauti ipo. Tena kubwa."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Lakini mama, mimi napima mabango. Joto silipimi." Alitoa fomu. "Kwenye fomu hii kuna urefu, upana na rangi. Hakuna mahali pa kuandika hayo yako. Iwe nyeusi kabla ya saa nane, vinginevyo naandika bango haramu, na jina litakaloandikwa ni la aliyelipaka."

"Saa nane? Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote! Niachie mpaka kesho jioni. Kesho kutwa nitalifuta kwa ulimi wangu ukitaka. Kuna roho thelathini na moja mle ndani zinabisha hodi."

Kijana alimtazama Msimamizi. Msimamizi alitazama simu yake. "Nitarudi saa nane na nusu kupiga picha," alisema. "Kampuni wanataka picha leo."

Pikipiki iliondoka. Bibi Kuku, aliyekuwa bado kizingitini, aliuliza kwa sauti ndogo, "Wamesemaje?"

"Wamesema nifute."

"Na kuku wangu?"

Mama Kipimo aliingia ndani akafunga mlango nusu, akasimama mbele ya sanduku. Ee Mola, alisema moyoni, umenifundisha namba uzeeni. Sasa nifundishe cha kufanya nazo. Alisubiri, kama anavyosubiri darasani desimali itue mahali pake. Kisha akachukua ndoo na brashi ngumu.

Paa la saa sita lilikuwa kama kikaango. Alivaa kandambili mbili mbili, akamwaga maji, mabati yakalia. Chokaa ililegea, ikateleza kama maziwa yaliyokatika, naye akaikusanya kwa kigae na kuirudisha ndooni, kwa kuwa hakuzoea kutupa kitu. Kadiri weusi ulivyorudi ndivyo nyayo zilivyomuungua. Abiria wa darajani walimtazama wakipita. Mmoja akampungia mkono.

"Mama!" Kinyozi alikuwa ameshika ngazi chini, mashine ya kunyolea bado iko mkononi. "Mbona unang'oa jino bila ganzi?"

"Niache, mwanangu. Leo sina mbavu za kucheka."

"Sichezi. Nina mteja kichwa nusu ameniacha kwenye kiti nije kukuuliza. Hilo sanduku lina uzito gani?"

Alisimamisha brashi. Kulihamishia sanduku chumba cha tatu ni jambo alilolifikiria mara nyingi na hakuthubutu kuliomba. Kila chumba kilikuwa na mita yake. Tena chumba cha tatu ndicho kilichomlisha Kinyozi. "Umeme wako utakwenda."

"Kwa thelathini na sita za chumba changu balbu zako zitawaka mara ngapi mchana? Si wewe uliyetufundisha? Nimekaa chini ya meno miezi minane nikidhani mimi ni mtu mwenye bahati. Kumbe ni rangi tu. Shuka."

Walilibeba watu wanne, Kinyozi na mteja wake mbele, kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa upande mmoja, muuza mitumba na Mama Kipimo nyuma. Walikwenda hatua ya polepole, kama wanaopeleka bibi harusi, na Bibi Kuku akatembea kando mkono juu ya kifuniko. Kizingiti cha tatu kilikuwa kimevunjika. "Polepole! Kushoto! Mnayumbisha!" Walipolitua kati ya vioo viwili, Mama Kipimo alichomeka waya na kupiga magoti. Thelathini na saba. Alisubiri. Thelathini na saba. Balbu moja iliwaka, ikazimika. Ukutani, thelathini na sita.

"Haya, mzee, kaa nikumalizie," Kinyozi alimwambia mteja. "Ila usikohoe. Kuna wagonjwa wa uzazi humu."

Mama Kipimo alirudi juu kumaliza. Saa saba na dakika arobaini paa lilikuwa jeusi tena, meno kumi na mawili, hakuna zaidi. Aliposhuka aliingia chumba cha sita, ambacho sasa kilikuwa na kitanda, meza tupu na viroba. Ukuta ulisoma arobaini na moja. Alisimama akitazama zebaki, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kujua, hakutoka. Alitaka kuona itafika wapi. Arobaini na mbili.

Ndoo ya chokaa ilikuwa mlangoni. Alichovya kidole, akaandika kwenye mlango wake wa mbao, kwa namba kubwa za darasa la jioni: 42. Akasogea nyuma akaitazama. Kisha akachukua kipimajoto na ndoo, akaenda mlango wa saba, akabisha, akapima, akaandika. Akaenda wa tano. Wa kwanza. Wa pili. Hakuna aliyekataa, muuza mitumba alitaka yake iwe kubwa kuliko zote. Kwa Kinyozi na mkewe aliandika 36, akaongeza duara ili zionekane kwa mbali.

Msimamizi alirudi saa nane na nusu. Alisimama ng'ambo ya barabara, akainua simu, akarudi nyuma hatua mbili ili paa lote liingie. Akaishusha.

"Hizo namba ni za nini?"

"Za milango," alisema Mama Kipimo. "Mkataba ni wa paa, au na milango pia mmeikodisha?"

"Vyumba viko saba. Arobaini na mbili imetoka wapi?"

"Ingia ukae. Itakwambia yenyewe."

Hakuingia. Alijaribu kupiga picha akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amepanda juu ya jiwe, lakini barabara ilikuwa nyembamba, na kila alipolipata tabasamu lote, milango saba iliingia chini yake. Wapita njia wawili walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa anamuuliza muuza mitumba kama hata nyumba yake yenye bati la kahawia inaweza kupimwa. Mwishowe Msimamizi alipiga picha hivyo hivyo, akaituma, akakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha.

"Mama Kipimo!" Kinyozi aliita kutoka ndani, akinong'ona na kupiga kelele kwa wakati mmoja. "Njoo! Bibi analia!"

Alikimbia. Bibi Kuku alikuwa amepiga magoti kwenye nywele za watu, pua imegusa kioo cha sanduku. Yai la pembeni lilikuwa na tundu, dogo kuliko punje ya mtama, na ndani ya tundu kitu cha njano kilisogea, kikapumzika, kikasogea tena.

"Moja," alisema Bibi Kuku. "Bado thelathini."

"Tusihesabu, bibi. Tungoje."

Mama Kipimo alibaki pale mpaka pumzi yake ilipotulia. Kisha akakumbuka daftari, akatoka kwenda kusoma ukuta wa chumba chake. Nje, simu ya Msimamizi ilikuwa inaita na yeye alikuwa anaitazama tu, haipokei. Mama Kipimo aliingia chumba cha sita, akakaa kidogo, akatoka jasho likimtiririka. Aliinama kwenye ndoo, akafuta ile mbili ya mlangoni kwa kiganja, akaandika tatu.